Aliyefumba Macho Hakuja Kutoa Ushahidi

Mwanangu, iko Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyoanza kazi ya Serikali na kuliko siku niliyostaafu. Nilikuwa kijana wa sekondari hapa Kalemie, nimeketi kwenye benchi katika ukumbi wa katekesi, macho nimeyafumba, nafsi imetulia. Nilipoyafumba macho hayo, nyanya yangu alikuwa mama mzee anayeheshimiwa katika mtaa wetu. Nilipoyafumbua, ilikuwa imebaki hatua ndogo tu aitwe mchawi. Na aliyetoa neno lililomfikisha hapo nilikuwa mimi, ingawa sikuwa nimesema uongo hata kidogo.

Nakuandikia haya kwa sababu umeteuliwa kuwaongoza vijana wa parokia katika tafakuri wakati wa mafungo yao, nawe ulipita nyumbani kunieleza jinsi mtakavyofanya. Nilikusikiliza kwa furaha hadi mwisho, uliposema kwamba baada ya sala kila kijana atasimama mbele ya wenzake aeleze alichokiona, ili ninyi viongozi mumsaidie kuelewa maana yake. Hapo nilinyamaza, nawe ukaondoka ukidhani kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na mtu mzima akiwa na hasira ni bora aandike kuliko kusema, maana ulimi hauna mfupa.

Nilifanya kazi miaka mingi katika biro ya hali ya raia, pale mtu anapoandikishwa kwamba amezaliwa, ameoa, amefariki. Kazi ile hunyosha akili. Inakufundisha kutenganisha ulichokiona na ulichoambiwa, kwa sababu ukivichanganya, mtu aliye hai anaweza kuandikwa amekufa. Basi katika maneno haya, niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoyasikia nitasema nimeyasikia.

Aliyetuletea tafakuri ya kuongozwa alikuwa Damasi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini na nzuri, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya Damasi, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Parokia ilimtuma kwenye semina nje ya mkoa, akarudi na jambo tusilolijua. Sisi tulizoea sala ya mdomo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na ngoma hukaa karibu. Yeye alituambia tuweke nyayo zote mbili chini, mikono juu ya mapaja, tufumbe macho, tusikilize pumzi zetu zenyewe mpaka zitulie. Kisha alisoma habari moja ya Injili polepole, akaisoma tena. Halafu akatuingiza ndani yake kwa maneno machache. Uko njiani. Vumbi liko miguuni pako. Unasikia nini? Yesu yuko upande gani? Baada ya kila swali alinyamaza, na ndani ya ukimya ule kila mmoja wetu alitembea kwa miguu yake.

Nakwambia kweli, sala ile ilinifaa. Mpaka wakati ule nilikuwa nikisali kama mtu anayemsomea risala mkuu wa wilaya: salamu ndefu, maombi mengi, na hakuna anayetazamia jibu. Kwa Damasi nilijifunza kwamba mtu anaweza kukaa karibu na Bwana wake bila kumwomba kitu. Wako wazee wenzangu wasemao kwamba kufumba macho na kuwaza ni mambo ya kigeni, yatawapotosha vijana. Mimi si mmoja wao, na nakuomba usinihesabu pamoja nao.

Ninachomlaumu Damasi ni kile alichokiongeza. Unajua desturi yetu: sala isiyofuatwa na ushuhuda kwetu ni kama bukari, ugali wetu, bila mboga, watu hawashibi. Wazazi walianza kusimama mlangoni wakisubiri kusikia vijana wameona nini. Akina mama wakaanza kumfuata Damasi sokoni wamuulize maana ya ndoto zao. Mwanzoni alijibu kwamba hajui. Baadaye akaanza kujua. Sifa ni pombe isiyonuka mdomoni. Anayelewa nayo huwa wa mwisho kutambua. Basi ikawa kila tukimaliza kutafakari, tunasimamishwa mmoja mmoja, tunasema, naye anatafsiri.

Sasa nikueleze nyumba niliyokuwa nikiishi. Baba yangu alikuwa na kazi ya ng'ombe kule Pepa, kwenye milima ya Marungu, akaniacha mjini kwa mdogo wake, Papa Raimondi, fundi wa bandarini, ili nisome. Mama yao, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kambo, aliishi humo pia, na ndiye aliyekuwa na jiko. Katika mwaka huo Papa Raimondi na mkewe, Mama Evelina, walifiwa na mtoto mchanga. Daktari alisema ni malaria iliyochelewa kutibiwa. Hilo sikuambiwa, nilikuwapo aliposema. Lakini nyumba yenye msiba haitosheki na neno la daktari. Hutafuta mtu. Na katika nyumba zetu, mtu wa kwanza kutazamwa ni mzee ambaye bado anaishi wakati mtoto amekufa.

Hakuna aliyekuwa amesema lolote bado. Ilikuwa mitazamo tu. Siku hiyo ya Jumamosi, Damasi alichagua habari ya Yesu kuingia katika nyumba ya Simoni. Utaikumbuka: mama mkwe wa Simoni amelala, ana homa, Yesu anamshika mkono, anamwinua, homa inamwacha. Damasi akafika hapo, akafunga kitabu, akatuambia tusimame mlangoni mwa nyumba ile. Simoni alikuwa mvuvi, nyumba yake iko karibu na ziwa, kwa hiyo sisi wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, hatukuhitaji kwenda mbali. Mimi niliingia katika nyumba ya matofali yenye bati, kama zetu. Kitanda kilikuwa kitupu na kitenge kimekunjwa juu yake. Yesu alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, ametulia kama mgeni ambaye amekwisha kukaribishwa. Nyuma kabisa, penye mbabula, jiko letu la makaa, na moshi wa makala hayo, kulikuwa na mama mzee ameinama juu ya chungu, ametupa mgongo. Nikatamani kumkaribia. Nilikuwa ndiyo kwanza nainua mguu Damasi alipopiga makofi kutuambia muda umekwisha.

Makofi yale hadi leo nayasikia. Mtu aliye katika sala ya namna ile yuko mbali. Ukimrudisha kwa makofi, anarudi nusu.

Wenzangu walisimama kwa zamu. Mmoja aliona mwanga, mwingine alilia bila kusema kitu. Nilipofikiwa mimi, nikasema kifupi, kwa aibu ya kijana, kwamba nimemwona mama mzee ndani ya nyumba, naye ametupa mgongo. Damasi akaniuliza kama amempa mgongo hata Yesu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nyumba hiyo ilifanana na ya nani. Nikasema ya kwetu.

Karibu wote waliokuwa humo walikuwa wamekuja kwenye matanga yetu. Damasi akaniwekea mkono begani, kwa huruma ya kweli, jambo ambalo lilizidisha ubaya.

«Kikulacho ki nguoni mwako», alisema. «Ndugu zangu, tumuombee huyu. Ndani ya nyumba yao muko muntu mwenye kumupa Yesu mugongo.»

Hakutaja jina, na hakuhitaji kulitaja. Katika nyumba yetu mwanamke mzee alikuwa mmoja tu.

Maneno yale yalifika nyumbani kabla yangu. Nani aliyeyafikisha, sikujua, na sitamtuhumu mtu kwa kukisia. Nilichokiona mimi ni hiki: chakula kilikuwa tayari, na Mama Evelina alikuwa akiwanyang'anya watoto sahani, akisema leo watakula mkate. Kambo alikuwa bado ameshika mwiko. Alitazama sahani zile zikiondoka mbele yake, akanitazama mimi, akanipakulia. Nikala peke yangu. Hakuniuliza nilisema nini kanisani. Alinitazama nikila, kama mtu anayehakikisha kwamba hata mmoja bado yupo.

Kuanzia hapo mtaa ulikuwa na kazi. Nilisikia kwa masikio yangu jirani akimwambia mwenzake kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanangu, naziheshimu methali za wazee wetu, lakini ile nimegombana nayo maisha yangu yote. Imevunja nyumba nyingi. Linalosemwa na watu wengi linathibitisha jambo moja tu, kwamba watu wengi wamelisema.

Baada ya siku chache Papa Raimondi akatangaza kwamba mama yake ataenda kupumzika Nyemba, alikozaliwa, na kwamba atampandisha treni mwenyewe. Alisema akitazama ukuta. Sote tulijua kwamba ndugu za Kambo kule wamekwisha, nyumba imeanguka, na mtu anayefika kijijini akiwa amefuatwa na neno kama lile hapokewi na yeyote. Kumpeleka kule kulikuwa kumpeleka kufa polepole, mbali na macho ya mwanawe.

Kambo hakulia wala hakumlaani mtu. Alimwambia mwanawe maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyotoka:

«Nitaenda. Lakini jina langu limepotelea kanisani. Acha niende kulichukua kule kwanza, kisha nitapanda treni yako.»

Akajifunga kitenge chake cha Jumapili katikati ya juma, akaenda kwa Papa Longini.

Papa Longini alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee la parokia. Kabla ya hapo alikuwa mwamuzi wa mahakama ya desturi kwa muda mrefu, mtu mrefu, mkavu, aliyekohoa kabla ya kila swali hata wajanja wakapata nafasi ya kujutia majibu yao. Alimsikiliza Kambo, kisha akatuita sote siku ya Jumapili baada ya misa, katika ukumbi ule ule: Damasi, Papa Raimondi na mkewe, Kambo, na mimi. Wazee wengine wawili walikaa pembeni. Nilidhani ataanza na Damasi, au atamwambia Kambo ajitetee. Alipita mbele yao akavuta kiti, akaketi kunielekea mimi.

«Mutoto, njo wewe uliona?»

«Njo mimi, Papa», nikajibu, nikikubali kwamba ndimi.

«Basi sema wewe. Yule mama alikuwa anafanya nini?»

«Alikuwa anasonga bukari.»

Damasi akasema kwa upole kwamba siku ile sikulisema hilo. Papa Longini akamjibu, bila kumgeukia, kwamba pengine hakuniuliza. Kisha akakohoa.

«Ulipomuona, ulisikia woga?»

«Hapana, Papa.»

«Ulisikia nini?»

Hapo nikaona aibu, kwa sababu nilijua kwamba mtu aliye katika sala hapaswi kusikia kile nilichokisikia mimi. Lakini nilikuwa nimeulizwa na mtu asiyependa kuzungushwa.

«Nilisikia njaa.»

Mmoja wa wale wazee alishindwa kujizuia. Kicheko chake kikawapata wengine, hata Mama Evelina, ambaye hakuwa amecheka tangu tulipozika. Alijifunika mdomo kwa kitenge, na mabega yake yakatikisika, kisha ikawa si kicheko tena, akalia. Tukamwacha alie. Kisha Kambo akasema kutoka kwenye kona yake, kichwa kimeinama:

«Na wewe, mwalimu, mama yako anasonga bukari akikuangalia wewe? Akigeuka tu, imejaa madonge.»

Papa Longini hakucheka. Alichukua Injili, akampa Damasi, akamwambia asome tangu pale alipoishia siku ile. Damasi akafungua, akasoma kwamba homa ilimwacha yule mama, akaendelea kidogo, akasoma kwamba aliinuka akawahudumia. Papa Longini akamwambia arudie. Akarudia, na sauti yake nzuri ilikuwa imepungua. Ndipo mzee yule alipomkemea, naye hakupandisha sauti hata kidogo.

«Damasi, Mungu alimuonyesha mutoto mama aliyepona, anamupikia Yesu chakula. Wewe ukamufanya mulozi. Ulifunga kitabu wakati Mungu alikuwa angali anasema.»

Damasi akasema hakuwa amelitamka neno hilo, mulozi. Mzee akamwambia kwamba anajua; aliwaachia wengine walitamke, na hilo ni baya zaidi. Kisha akaongeza lile ambalo ndilo hasa nataka likukae, maana wengi waliokuwapo walikwenda nyumbani wakisimulia habari ya njaa na madonge, wakaliacha hili ukumbini.

«Na usifikiri mustari huu njo umemuokoa mama huyu. Hata mutoto angeona pembe kichwani, lingekuwa jambo la kuongea na Mungu. Mimi nimeamua kesi nyingi. Sijaita shahidi hata mumoja kwa kitu alichokiona macho yamefungwa.»

Mwanangu, soma tena maneno hayo. Ukidhani kwamba kosa la Damasi lilikuwa kutafsiri vibaya, utajitahidi tu kutafsiri vizuri zaidi, nawe utaharibu nyumba za watu kwa ustadi. Kosa lilikuwa kutafsiri. Kilichomjia kijana ndani ya sala kimefumwa kwa Injili, kwa hofu zake, kwa njaa yake, kwa mambo aliyoyaona nyumbani asubuhi hiyo. Mungu anaweza kusema naye kwa hayo yote, lakini anasema naye yeye, juu ya yeye. Hakumtuma kuwa mpelelezi wa jirani yake.

Wale wazee wawili walitaka Damasi aondolewe kabisa katika uongozi wa vijana. Nakiri kwamba moyoni nilikubaliana nao. Aliyekataa alikuwa Kambo.

«Musimufukuze. Binti akiunguza chakula, munamufukuza jikoni? Si anafundishwa?»

Papa Longini akamuuliza kama hivyo ndivyo anavyotaka. Akasema ndivyo, ila Damasi asirudi peke yake. Mzee mmoja aketi ndani ya ukumbi kila anapoongoza. Ikaamuliwa hivyo.

Papa Raimondi alikuwa ametazama sakafu muda wote ule. Alitangulia kutoka. Safari ya Nyemba haikutajwa tena. Jioni moja katika juma lililofuata alirudi kutoka bandarini, akaenda moja kwa moja uani, akaketi kwenye kigoda karibu na mbabula, akamwambia mama yake kwamba ana njaa. Kambo akampakulia. Nilikuwa hapo. Sikusikia neno la kuomba msamaha likitamkwa, na siwezi kukuandikia nisichokisikia. Lakini nilimwona mtu mzima akila na machozi yakimdondoka sahanini, na mama yake akijifanya anashughulika na makala.

Watu husema mambo yaliisha vizuri. Mimi sikubali faili hilo lifungwe hivyo. Kwa muda mrefu mtoto mdogo wa nyumba ile alikuwa akipewa karanga na nyanya yake anaficha mikono nyuma. Alikuwa amesahau sababu. Mikono ilikuwa inakumbuka. Na Kambo, ambaye zamani alipika akiimba, alianza kupika akiwa amegeukia mlango, mwili umepinda vibaya, ili atakayeingia auone uso wake. Hakuna baraza lililoweza kumrudishia wimbo wake. Maji yakimwagika hayazoleki, hata kama aliyeyamwaga ameomba radhi, na Damasi aliomba radhi, tena zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana nina hasira hadi sasa, na sioni haya kuwa nayo. Ukipita katika mji wetu leo, unasikia vipaza sauti kila mtaa, na vijana wa umri wako wameshika kipaza sauti wakimwambia mtu ni nani aliyemzuilia ndoa, nani aliyekula mtoto wake. Watoto wadogo nimewaona mimi mwenyewe wakilala penye vibanda vya soko, na walipoulizwa walisema wamefukuzwa nyumbani kwa sababu ya maono ya mtu fulani. Maono ya mtu! Tungemwandika mtu katika biro yangu kwa ushahidi wa namna hiyo, wangetufukuza kazi siku hiyo hiyo, na ingekuwa haki. Iweje basi kanisani, penye kweli kuu kuliko zote, tutosheke na ushahidi ambao Serikali ingeukataa?

Lakini sitaki umalizie hapo, maana mafunzo ambayo Kambo alimwombea Damasi yalizaa tunda na mimi nililila. Damasi alipoanza tena kutuongoza, Papa Longini aliketi nyuma akiwa na kofia yake magotini. Damasi alichagua habari ile ile. Safari hii aliisoma hadi mwisho, mara mbili. Akatuambia kwamba anayetaka kubaki macho wazi abaki hivyo, na anayetaka kutoka nje atoke, mlango hauna komeo. Akatupeleka hadi mlangoni kwa Simoni, akauliza maswali mawili matatu tu, kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Nikaingia. Kitanda, kitenge, Yesu kwenye kiti kifupi. Mama yule alikuwa bado anasonga, nami nikatembea taratibu, nikazunguka chungu chake mpaka nikafika upande wa pili, naye akainua uso.

Damasi akaturudisha polepole. Alituambia tuhisi benchi chini yetu, tusikie upepo kwenye bati, tuseme Baba Yetu kimya kimya kila mtu kwa mwendo wake, ndipo tufumbue macho. Nilimtazama nikijua atauliza, kwa maana uso ule ulikuwa umenijaa kifuani. Akasema: «Kila mutu abaki na chake. Mwenye kutaka kusema, nitakuwa hapa nje. Mwenye kutaka kunyamaza, Mungu amesikia.» Akafunga kitabu, akatoka.

Hakuniuliza. Na kwa sababu hakuniuliza, nilibaki na neno ambalo sikuwa na mtu wa kulimwagia isipokuwa Mungu, nikalipeleka kwake. Nimelipeleka kwake tangu ujana hadi uzee huu. Ni uso wa nani niliouona, mke wangu aliniuliza nusu ya maisha yangu, hakuambiwa. Wala wewe sitakuambia.

Basi, mwanangu, wasia wangu ni huu. Chagua habari ya Injili kwa kuwafikiria wale watakaoketi mbele yako. Usimpeleke kwenye mashua na dhoruba kijana ambaye ziwa lilimchukulia baba, kabla hujakaa naye na kujua kama yuko tayari. Isome habari hadi mwisho, usiikate pale inapokupendeza. Sema machache, uliza wanaona nini, wanasikia nini, lakini usimwekee Yesu maneno kinywani, maana hajakuomba umsaidie. Mpe kila mmoja ruhusa ya kufumbua macho na ruhusa ya kutoka, uyaseme hayo kwa sauti kabla ya kuanza, kwa sababu vijana wetu wamefundishwa adabu, na mwenye adabu huteseka akiwa ameketi. Usiwarudishe kwa makofi. Usimsimamishe mtu aeleze.

Atakayekufuata mwenyewe baadaye, msikilize. Akikuambia jambo la sala, mrudishe kwenye Injili na kwa Mungu wake, usimtafsirie. Lakini akikuambia kwamba kuna mtu anayemwumiza kwa kweli, mchana, mwenye jina na mikono, hayo si maono. Usiyafunike kwa sala. Mpeleke kwa mtu mzima mwaminifu siku hiyo hiyo, uende naye. Ujue kutenganisha mambo hayo mawili, na ukishindwa, omba mzee aketi nyuma yako. Kuwa na mtu wa kukutazama si aibu. Damasi aliongoza vijana kwa miaka mingi baada ya hapo, na wengi waliomba kwa utulivu kwa sababu yake, kwa vile alikubali kutazamwa.

Na likija jina la mtu yeyote katika kinywa cha anayesali, awe nyanya, mama wa kambo, yatima au jirani, wewe ndiwe ukuta. Liishie kwako. Liombee, ulizike.

Mungu aliyeingia katika nyumba ya mvuvi bila kupiga kelele aingie nawe katika ukumbi ule. Akupe sauti ya kuwafikisha vijana mlangoni, na unyenyekevu wa kubaki nje wao wanapoingia. Awalinde wazee wa nyumba zao kwa ukimya wako. Na siku utakapozeeka, mwanangu, pasiwe na mtoto yeyote hapa Kalemie anayeficha mikono yake mbele ya mtu aliyemlea, kwa neno lililotoka kwako. Amina.